Gari la kuvuta karavani milimani: nililichagua kwa mteremko

Pedali ya breki ilizama hadi sakafuni tukiwa tumebakiza kama kilomita sita kufika bondeni. Mama alikuwa kiti cha mbele pembeni yangu, watoto wawili nyuma, na nyuma yetu sote karavani letu, trela la kulala la ekseli mbili, likitusukuma.

"Mwanangu, mbona unakimbia?" mama akauliza.

"Mama, kaza mkanda. Shika hapo juu."

Nikapangua gia hadi namba mbili, injini ikalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, kisha namba moja. Breki ya mkono nikawa naivuta kidogo, naiachia, naivuta tena, kwa kuogopa tairi za nyuma zisije zikajifunga kwenye kona. Kwa bahati, baada ya kona ya tatu palikuwa na sehemu pana ya changarawe iliyoinuka kuelekea mlimani. Nikaliingiza gari humo. Tuliposimama, rimu zilikuwa zinafuka moshi na harufu ya pedi zilizoungua ilijaa ndani hadi watoto wakaanza kukohoa. Tulikaa pale saa moja na nusu. Mama hakusema neno, alinishika tu mkono.

Kabla ya safari ile, ungeniuliza gari zuri la kuvuta ni lipi, ningekujibu kwa habari za kupanda: nguvu za injini, ukubwa wa injini, linavuta tani ngapi. Na kweli gari langu la zamani lilikuwa limepanda. Polepole, likinguruma, lakini lilifika kileleni bila kuchemsha, na nikawa nalisifia. Kilichonishinda ni upande wa pili wa mlima.

Kaka yangu, ambaye ni fundi, alifungua nipeli ya breki, kile kitundu cha kutolea mafuta, akakinga kwenye chupa safi mafuta yaliyotoka, akainyanyua juu kwenye mwanga. Yalikuwa na rangi ya kutu.

"Dada, haya yana miaka mingapi?"

Mitano. Nilikuwa sijui kwamba mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema. Kiwango cha DOT 3, daraja mojawapo la mafuta ya breki, kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishakuwa na unyevu kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na unyevu. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke, na mvuke hukandamizika. Unakanyaga pedali, mguu unakandamiza mapovu, nguvu haifiki kwenye pistoni. Ndiyo maana baada ya kupoa pedali ilirudi kama kwamba hakuna kilichotokea.

Basi mafuta ndiyo yaliyonikwamisha siku ile. Lakini hata yangekuwa mapya, nilikuwa nateremka vibaya na gari lisilofaa kwa kazi ile, na hilo nililitambua nilipokaa na karatasi na kalamu.

Mteremko ule ni wa kilomita 20, na tofauti ya kimo ni mita 1,200. Yaani wastani wa asilimia 6: mita 6 chini kwa kila mita 100 za mbele. Gari na karavani kwa pamoja vilikuwa na kilo 4,300. Ukizidisha uzito, mvutano wa dunia na kimo, unapata karibu megajuli 51, sawa na kilowati-saa 14. Joto hilo linatosha kuchemsha lita 150 za maji kutoka nyuzi 20. Upepo na msuguano wa tairi hula sehemu yake. Kilichobaki lazima kiende mahali, na mahali ni pawili tu: ndani ya injini inayozuia, au kwenye diski na ngoma za breki. Mimi nilikuwa nimeweka gia kwenye D, ile ya kawaida ya otomatiki, mguu ukiwa umelalia breki muda wote. Karibu kila kitu nilikipeleka kwenye breki.

Kupanda nako nilikupigia hesabu, nisije nikasahau upande wa kwanza. Kuinua kilo 4,300 kwenye asilimia 6 kwa spidi ya kilomita 60 kwa saa, ukijumlisha upepo na tairi, kunataka karibu kilowati 60 zinazofika kwenye magurudumu. Kwa kilomita 80, zaidi ya kilowati 80. Injini yangu ya petroli ya lita 2.5, isiyo na tabo, iliandikwa kilowati 110, na nilidhani ni nyingi. Lakini injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kimo, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Kwenye mita 2,500 karibu robo ilikuwa imekwenda, na sehemu nyingine huishia kwenye giaboksi na difu kabla ya kufika barabarani. Hata hicho kilichobaki unakipata tu ukiwa umekanyaga hadi mwisho, injini ikizunguka kwa kasi yake ya juu kabisa. Tabo husukuma hewa ndani ya injini na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kwa milima mirefu, kwangu tabo si jambo la kujadili tena.

Nilikaa miezi saba bila kuvuta kitu. Nikasoma, nikapima, nikawasumbua watu.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kulipeleka karavani kwenye mizani likiwa limepakiwa kama tunavyosafiri. Kibandiko cha mlangoni kinasema kilo 1,650 likiwa tupu. Mizani ilisema 2,100. Maji peke yake yalikuwa lita 100, yaani kilo 100 kamili. Mitungi miwili ya gesi, betri ya ziada, turubai la kivuli, vyombo, viti, baiskeli za watoto: hakuna hata kimoja kilichoonekana kizito. Kama utafanya jambo moja tu kabla ya kutafuta gari, nakuomba liwe hilo. Miaka minne nzima nilivuta kilo 450 nisizojua kuwa zipo.

Kisha nikapima uzito unaokaa kwenye kiungio, pale shingo ya karavani inapolalia boli ya gari. Ulikuwa kilo 150, karibu asilimia 7 ya karavani. Amerika Kaskazini hupendekeza asilimia 10 hadi 15, Ulaya huwa chini ya hapo, na kila upande una sababu zake kutokana na namna matrela yao yanavyoundwa na spidi wanazoruhusu. Ukiwa mwepesi mno, karavani huanza kupiga mkia. Ukiwa mzito mno, gari huinua pua na usukani unakuwa mwepesi mikononi. Fuata kitabu cha gari na cha trela, na chukua kikomo kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Hizo kilo 150 ndizo zilizoniharibia gari la kwanza nililolipenda. Lilikuwa SUV ya petroli yenye tabo, body yake ni kipande kimoja bila chasisi ya chini, viti vizuri, kimya kabisa ndani. Karatasi yake ilisema inavuta kilo 2,500. Kwa 2,100 zangu nikaona nimepata. Kaka akaniambia nitafute bamba la mlangoni, nisome gari lenyewe linaruhusiwa kubeba nini. Kilo 540. Sisi wanne tuna kilo 240. Kiungio 150, kwa sababu uzito huo sasa umelaliwa na gari. Betri ya pili na vifaa 60. Mizigo 110. Jumla 560. Nimeshapita kikomo kwa kilo 20, na karavani bado liko ndani ya kiwango chake cha kuvutwa. Wengi tunasoma namba ya kuvuta tu kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa, wakati gari hufika mwisho wa kubeba kabla ya kufika mwisho wa kuvuta.

Namba ya kuvuta yenyewe inapatikanaje? Marekani watengenezaji wengi hutumia kiwango kiitwacho SAE J2807. Sehemu mojawapo ya majaribio yake inatokana na barabara ya Davis Dam huko Arizona, mpando wa zaidi ya kilomita 18 kwenye jangwa, kiyoyozi kikiwa kimewashwa hadi mwisho, na gari la kawaida halitakiwi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Ni jaribio gumu na nililiheshimu nilipolielewa. Lakini linahesabu dereva na abiria mmoja, kila mtu kilo 68, na mpando ule unapima injini na upoozaji. Familia ya watu wanne yenye mizigo inayoshuka upande wa pili haimo kwenye namba hiyo.

Kwa hiyo nikatengeneza jaribio langu mwenyewe. Nilitafuta mteremko wa kilomita tatu wenye asilimia 7, ulionyooka, usio na magari mengi asubuhi, na wenye sehemu ya kusimama katikati. Magari yalikuwa matatu: ile SUV, stesheni wagon kubwa la chasisi lenye dizeli ya zamani kidogo, na pikapu ya kabini mbili, dizeli ya lita 3 yenye tabo, giaboksi otomatiki ya gia nane na breki ya ekzosi, inayobana hewa inayotoka kwenye injini. Wauzaji wawili walikubali haraka, wa tatu nilimbembeleza wiki mbili. Kila gari nililifunga karavani lile lile lenye kilo zile zile, ila mafuta mapya ya breki na kaka pembeni yangu na saa mkononi. Naingia mteremkoni kwa kilomita 50 kwa saa, gia ya tatu, naondoa mguu kila mahali. Baada ya kilomita moja tunasoma spidi.

SUV ilisoma 72. Stesheni wagon 66. Pikapu 54.

Nikarudia mara mbili. Tofauti haikubadilika sana.

Stesheni wagon ndilo lililonishangaza, kwa sababu nilikulia kwenye imani kwamba dizeli yoyote huzuia vizuri inapoteremka. Kaka akanifafanulia. Injini ya petroli ukiachia mafuta, kile kizibo cha hewa hujifunga, na pistoni zinahangaika kuvuta hewa isiyopatikana; kuhangaika huko ndiko kunakozuia gari. Dizeli nyingi hazizuiwi hewa namna hiyo. Zinaingiza hewa, zinaikandamiza, kisha hewa hiyo inazirudishia karibu nguvu yote kama springi. Hewa ikizuiwa upande wa kutokea, kwa breki ya ekzosi au kwa tabo inayoweza kubana mapezi yake, ndipo dizeli inakuwa na mkono wa kuzuia. Kwa hiyo ukienda kununua dizeli usiulize tu ni lita ngapi. Uliza inazuiaje ukiachia mafuta, na kama muuzaji hajui, ipeleke mteremkoni.

Giaboksi ndiyo niliyoitazama zaidi baada ya hapo. Otomatiki yenye kitufe cha kuvuta trela ina faida ambayo sikuijua: ukigusa breki mteremkoni inapangua gia yenyewe na kubaki hapo, na wakati wa kupanda haipandi na kushuka gia kila dakika. Huko kupanda na kushuka ndiko kunakochemsha oili ya gia. Nilihakikisha gari lina kipimajoto cha oili ya gia kinachoonyesha namba, maana taa nyekundu huwaka wakati mambo yameshaharibika. Nikivuta, huwa naiona kati ya 85 na 100. Ikikaribia 115 napunguza spidi na kushusha gia moja, kwa sababu oili ikivuka 120 huzeeka haraka. Mwenye gia za mkono naye asife moyo, mteremkoni yuko vizuri sana. Taabu yake ni kurudi nyuma kwenye kilima na trela, klachi inaungua ndani ya dakika chache. Hapo ndipo gia nzito za magari ya 4x4 zinapolipa, hata kwenye lami kavu pale ambapo mfumo wa gari unaruhusu: gari linatambaa, klachi inapona.

Tena, jina la gari lisikudanganye. Modeli moja, mwaka mmoja, inaweza kutofautiana mamia ya kilo za kuvuta kwa sababu difu zimetofautiana meno, au moja ina rejeta kubwa na kipoozeo cha oili ya gia na nyingine haina. Ndiyo sababu sitaji modeli niliyonunua. Namba za bamba la gari lililo mbele yako ndizo zinazohesabika.

Nilikwenda pia na futi ya kupimia. Watu waliniangalia. Nilikuwa napima urefu kutoka ekseli ya nyuma hadi kwenye boli ya kiungio. Kadiri boli inavyokuwa mbali na ekseli, ndivyo karavani linavyopata mkono mrefu wa kuyumbisha gari, hasa lori linapokupita au upepo wa ubavuni unapokukuta kwenye daraja. Gari refu kati ya ekseli zake mbili, boli ikiwa karibu na ekseli ya nyuma, hutulia. Pikapu ilikuwa ndefu zaidi kati ya yote matatu, ila bampa yake ya nyuma nayo imetokeza kiasi, kwa hiyo hapo haikushinda kwa mbali.

Gari la umeme nililifikiria kwa dhati. Mteremkoni motor yake inageuka jenereta, na zile kilowati-saa nilizozichoma kwenye breki sehemu nzuri ingerudi kwenye betri. Kwa upande wa mteremko ni jibu zuri kuliko yote. Vikwazo vilikuwa viwili. Ukivuta karavani refu, umbali wa chaji moja hupungua hadi karibu nusu, na njia zetu za milimani zina vituo vichache ambavyo unaweza kuchaji bila kulifungua karavani. Na ukichaji kileleni hadi ikajaa, betri haina pa kuweka umeme wa kuteremka, unarudi kwenye breki zako za kawaida. Anayeishi juu na kuanza safari kwa kushuka alikumbuke hilo.

Pikapu ikashinda, na si kwamba haikuwa na dosari. Siti za nyuma zimesimama wima, mtoto mkubwa alilalamika siku ya kwanza. Mama anakaa mbele na kaka alifunga kikanyagio upande wake kwa sababu goti lake halipandi juu. Inaruhusiwa kubeba kilo 900. Ukijumlisha watu, kiungio, kabati la nyuma la kilo 70, vifaa na mizigo, ninatumia 630. Gari na karavani kwa pamoja viko chini ya tani 5, na kikomo chake cha jumla ni tani 6. Nafasi hiyo iliyobaki niliitaka makusudi. Milimani sitaki kufanya kazi kwenye ukingo wa namba.

Mwezi uliopita tuliurudia mteremko ule. Nilibadilisha mafuta ya breki wiki moja kabla, kama nitakavyofanya kila mwaka. Kileleni nilisimama, nikaweka gia ya tatu kabla ya kuanza kushuka, nikakaa kwenye kilomita 45 hadi 50. Spidi ikifika 55 nakanyaga breki kwa nguvu hadi 45, kisha naachia kabisa zipoe. Mama aliniuliza mara moja tu, "Zinashika?" Nikamwambia, "Zinashika, mama." Baadaye akalala.

Chini nilitoa kipimajoto cha miale nikazunguka gari lote. Diski za mbele za pikapu zilikuwa nyuzi 118. Za nyuma zilikuwa chini ya hapo. Ngoma za karavani zilikuwa 190.

Sikuitegemea hiyo, na nilisimama pale nikiifikiria. Karavani letu lina breki za msukumo: likisukuma gari, kiungio kinabonyea na kuvuta kebo za breki. Sasa injini inazuia vizuri, karavani linasukuma njia nzima, na kwa hiyo linajifunga breki kidogo kidogo kwa kilomita 20 bila mguu wangu kugusa kitu. Sehemu ya mzigo nilioutoa kwenye breki za gari imehamia nyuma. Nyuzi 190 si hatari kwa ngoma, lakini siku ya joto, mteremko mrefu zaidi, sijui zingefika wapi kama nisingesimama katikati.

Kaka anasema tutazame breki za umeme, zinazofanya kazi pale dereva anapokanyaga pedali na ambazo unaweza kurekebisha nguvu yake kutoka kwenye dashibodi. Tukiziweka, injini italazimika kuzuia uzito wote peke yake, na jaribio langu la kilomita moja litabidi lianze upya. Jumamosi tunalipandisha karavani kwenye jeki tufungue ngoma tuone viatu vya breki vimebaki kiasi gani.